Muulize Chuma Kwanza

Baba Chuma alikuwa fundi seremala mwenye viganja vipana kama koleo, mtu wa kujitwika mlango wa mbao ngumu peke yake kutoka karakana hadi barabarani, na ukijitolea kumsaidia anakwambia usimzibie njia. Lakini mbele ya mwanawe wa pekee aligeuka mwoga kuliko kunguru. Mkewe, aliyekuwa mkata tiketi katika stendi ya mabasi na hakujaliwa kufunga mdomo, alikuwa akimtania: "Dunia nzima unaipigia misumari, baba, halafu mtoto wa kilo kumi na saba anakutoa jasho!"

Mtoto huyo wa kike wa kilo kumi na saba alikuwa na miaka kumi na mmoja na kimo cha mtoto wa miaka sita. Alizaliwa na ugonjwa wa mifupa mepesi kuvunjika. Mfupa wake uliweza kukatika kwa jambo ambalo kwa mwingine si jambo: kujikwaa kwenye zulia, kugeuka ghafla kitandani, kukumbatiwa na shangazi mwenye furaha ya kupitiliza. Weupe wa macho yake ulikuwa na ubuluu kidogo, kama maziwa yaliyomwagiwa tone la wino, na ulimi wake ulikuwa wa mama yake mtupu. Jina la Chuma alipewa na mjomba wake siku madaktari walipomtia fito za chuma ndani ya mapaja yote mawili ili mifupa isipinde. "Wenzako wanarithi mashamba," mjomba alimwambia, "wewe umerithi chuma." Jina likaganda, na mwenyewe akalipenda.

Shule yake ya kwanza ilikuwa ndogo, pale pale mtaani, na kila mtu alimjua tangu anabebwa. Ila iliishia darasa la nne. Kwa hiyo mwaka ule ilibidi ahamie shule kubwa ng'ambo ya barabara kuu, yenye watoto mia saba na uwanja ambao kengele ya mapumziko ikilia, mtu mzima anashikilia ukuta apitwe.

Baba Chuma aliuona uwanja ule mara moja tu. Jioni ile akaketi mezani, akachukua karatasi, akaandika barua kwa Mwalimu Mkuu. Aliandika pande zote mbili, akaomba karatasi nyingine. Asikimbie. Asisukumwe. Asikae karibu na mlango. Asikae karibu na dirisha. Asibebe kitu. Asiguswe na mtu yeyote.

Mama Chuma aliisoma yote akiwa amesimama. "Umesahau moja," alisema. "Asipumue."

"Tahadhari kabla ya hatari," Baba Chuma akajibu, akailamba bahasha.

Mwalimu Mkuu alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, mtu ambaye ukimpa maandishi ameyashika. Siku ya kufungua shule alisimama na ile barua mbele ya watoto mia saba, akaisoma mstari kwa mstari, kisha akaikunja. "Atakayemgusa mwanafunzi huyu," alisema, "atanijibu mimi."

Hakuna aliyemgusa.

Zikapita wiki tatu. Chuma, ambaye zamani alikuwa akirudi na habari za kutosha kuchosha redio, sasa alirudi kimya. Baba alifurahi kwanza. Hakuna bandeji, hakuna hospitali. Barua imefanya kazi. Ila mchana mmoja, alipomtoa kwenye kiti chake cha magurudumu na kumweka juu ya benchi la karakana ili amwangalie anavyopiga randa, akauliza, "Leo umecheza na nani?"

"Na ukuta."

"Ukuta unachezaje?"

"Vizuri tu. Wenyewe hauniogopi."

Baba Chuma akaiweka randa chini. Ndipo mtoto akamwaga yote. Wakati wa mapumziko anapelekwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, anaketishwa pembeni ya ua la chunguni, na kati ya hao wawili ua ndilo linaloongeleshwa zaidi. Akipita ukumbini watoto wanabandika migongo ukutani kama unapita msafara wa waziri. Darasani dawati lake limezungukwa na madawati matupu pande zote nne. Kuna msichana anaitwa Spika, anayeongea na kila mtu pamoja na milango. Hata huyo kwake hafungui kinywa. Na kuna waliosema kwamba ukimshika, na wewe mifupa yako inaanza kukatika. Mzazi mmoja alikuwa ameshafika kuomba mwanawe ahamishwe safu.

"Nani kawaambia wasikuguse?" Baba Chuma aling'aka, na mkono tayari umeshika koti. "Nakwenda sasa hivi. Nitajie jina lake!"

"Wewe," Chuma alisema. "Karatasi ya pili, mstari wa mwisho."

Kikulacho ki nguoni mwako. Fundi akalirudisha koti kwenye msumari, akakaa juu ya rundo la mbao.

Mama Chuma aliporudi kazini na kusimuliwa, alicheka mpaka alipomtazama mumewe usoni, akaacha. "Umewaambia cha kuogopa," alisema kwa upole ambao hakuwa na mazoea nao. "Hujawaambia cha kufanya."

"Basi nitaandika barua nyingine."

"Usiandike!" wakasema mama na mwana kwa pamoja.

Chuma alikuwa na mpango wake. Angeongea na darasa mwenyewe, ugonjwa ni wake na mdomo ni wake. Alitaka jambo moja tu, picha zake za mifupa za hospitali, zile nyeusi zilizohifadhiwa juu ya kabati, na mtu mrefu wa kuzishika dirishani zionekane.

"Mtu huyo ni wewe, baba. Kazi yako ni kushika. Huongei mpaka nikuambie. Na usilie."

"Nilie kwa sababu gani?"

"Ulilia kwenye filamu ya paka."

"Yule paka alipotea, Chuma."

"Alikuwa katuni, baba."

Mwalimu wa darasa la tano alikuwa kijana mwembamba aliyefundisha hisabati. Wanafunzi walimwita Desimali kwa sababu jibu lake lolote halikuwa na mwisho. Alipoombwa kipindi kimoja kwa ajili ya Chuma alisema ni wazo zuri, ingawa, kwa upande mwingine, labda, isipokuwa kama, pengine. Na baada ya robo saa ikaeleweka kwamba amekubali. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyeogopa kuliko wanafunzi wote. Kila Chuma alipoinua mkono kujibu swali, Desimali alikuwa akimsihi aushushe.

Siku yenyewe Baba Chuma alivaa shati la kwendea harusi. Alisimama kando ya dirisha huku picha zikiwa kifuani kama mtoto wa shule aliyechelewa. Chuma aliwekwa juu ya meza ya mwalimu ili watoto wamwone.

"Naitwa Chuma," alianza. "Mnanijua. Mimi ndiye yule wa barua."

Watoto wa mbele wakasogeza viti nyuma.

"Mifupa yangu inavunjika haraka. Nimezaliwa hivyo. Mwilini kuna kitu kinachotengeneza mfupa uwe imara. Changu kinatengenezwa kidogo, na hicho kidogo chenyewe kibovu. Haiambukizi. Ingekuwa inaambukiza, baba yangu huyu angekuwa vipande." Akamwelekeza kidole. "Baba, picha ya kwanza."

Baba Chuma akainua picha kwenye mwanga. Paja jembamba, na ndani yake ufito mweupe ulionyooka kama rula. Watoto wakavuta pumzi. Wa nyuma wakasimama juu ya viti na Desimali akasahau kuwakataza.

"Hicho ni chuma cha kweli?" Spika aliuliza. Wiki tatu za kunyamaza zilikuwa zimemtesa.

"Cha kweli."

"Sumaku inakushika?"

"Bado sijajaribu. Ukija nayo kesho tutajua."

Hapo kizuizi kikabomoka. Maswali yakamiminika. Je, akinywa maziwa mengi hatapona? Anakunywa, yanasaidia kama yanavyokusaidia wewe, ila ugonjwa hayauondoi. Kuna dawa anatundikiwa hospitali kila baada ya miezi michache, na mazoezi. Je, ni laana? Hapana, ni damu ya ukoo tu, na wakati mwingine inaanza na mtoto bila ukoo kuwa nayo. Je, akipiga chafya? Mara moja ilitokea, ubavu mmoja. Je, anaweza kucheka?

"Naweza," Chuma alisema. "Ila nyie mkisema mtu kawavunja mbavu, mnatania. Mimi nitawapeleka polisi."

Darasa zima likacheka, hata Desimali, ambaye alicheka kwa mafungu mafungu. Baba Chuma naye alicheka, akasahau kwamba ni mshika picha.

Kisha mtoto mmoja mpole wa safu ya nyuma akauliza polepole, "Mara ya kwanza kabisa, nani alikuvunja?"

"Hakuna mtu," Chuma alisema. "Nilikuwa na miezi minane, nililalia mkono vibaya usiku. Baba, ile ndogo."

Picha ile ndogo ilikuwa ya mkono usiozidi urefu wa penseli. Baba Chuma aliinua, na picha ikaanza kulia: ilitetemeka mikononi mwake ikitoa mlio wa bati linalopeperushwa na upepo. Chuma akageuka. "Baba, shika vizuri."

"Hukulalia," alisema Baba Chuma.

"Nini?"

"Hukulalia mkono." Alikuwa hajaruhusiwa kuongea, lakini maneno yalikuwa yameshatoka nje na hayangerudi. "Ilikuwa asubuhi, baridi. Mama yako ameshaenda kazini. Nikakuvalisha sweta. Mkono ukakwama kwenye mkono wa sweta, nikauvuta. Sikuvuta kwa nguvu. Nikasikia mlio kama wa njiti ya kiberiti."

Waliosimama juu ya viti wakakaa.

"Hospitali waliniuliza siku mbili kama nakupiga. Mpaka akaja daktari mmoja mzee, akakutazama macho, akasema huyu mtoto ana mifupa mepesi, mwacheni baba wa watu. Waliniacha. Ila mimi sikujiacha. Nikakuambia ulilalia." Alitazama viganja vyake kama zana ambazo hakumbuki nani kamwazima. "Nisamehe, mama."

Chuma alimtazama usoni. Uso wake ulipita mawingu mawili matatu. Kisha akafungua kinywa kwa mshangao wa kweli.

"Baba! Kwa hiyo miaka yote hii nalala chali bure?"

"Eh?"

"Naogopa kulalia mkono! Nalala chali kama samaki wa kukaangwa, miaka kumi, kwa sababu yako!"

Spika ndiye aliyeanza, na wengine wakafuata, wakacheka mpaka darasa la jirani likagonga ukuta. Baba Chuma alicheka na kulia kwa wakati mmoja, jambo alilokatazwa waziwazi, na Chuma akamnyooshea mkono asogee. Aliposogea akamwegemezea kichwa kifuani, kwenye shati la harusi. "Hukujua," alimnong'oneza. "Mimi mwenyewe nilikuwa sijui, na ilikuwa mifupa yangu."

Spika hakuwa mtu wa kuacha jambo njiani. "Sasa sisi tufanye nini?" aliuliza. "Barua imesema tusifanye. Tufanye nini?"

"Uliza kwanza," Chuma alisema. "Ni hilo tu. Ukitaka kunisukuma kiti, uliza. Usinivute mkono, usininyanyue kwa kwapa. Nikianguka, usiniinue, mmoja akae na mimi, mmoja aite mwalimu. Mimi mwenyewe ndiye ninayejua panapouma. Nikisema pamevunjika, pamevunjika, hata kama hamwoni kitu." Akafikiri kidogo. "Na mwalimu akichanganyikiwa, mkalisheni."

Desimali akaandika hilo kwenye daftari lake.

Madawati yale manne yakajaa kabla ya saa sita. Ua la Mwalimu Mkuu likabaki na upweke wake. Na kwa sababu Chuma alikuwa mdogo kuliko mkoba wa baadhi ya wenzake, ikagundulika kwamba hakuna binadamu shuleni anayemweza katika mchezo wa kujificha. Alijificha nyuma ya ramani, ndani ya kabati la chaki, chini ya joho la kwaya. Baba Chuma alipoambiwa, alikwenda kunywa maji glasi mbili bila kutoa maoni. Mkewe alisema hiyo ndiyo hotuba bora aliyowahi kuitoa.

Mwezi wa pili ukielekea ukingoni, simu ililia karakanani. "Mzee," ilisema sauti ya Desimali, "usiwe na wasiwasi, yaani si kwamba hakuna jambo, jambo lipo, ila..."

Fundi hakusubiri nukta. Alivuka barabara kuu na aproni yake, unga wa mbao ukimtoka nyweleni kama ukungu, magari yakimpigia honi. Alipoingia darasani alikuta watoto wameketi sakafuni duara. Desimali alikuwa kwenye kiti, kichwa kati ya magoti, na mwanafunzi mmoja akimshikia kikombe cha maji. Katikati ya duara, chini ya meza ambako alikuwa amejificha, alikuwepo Chuma. Alikuwa amejivuta kwa mguu wa meza ili atoke, na mkono wa kushoto ukakatika juu ya kifundo. Hakuna aliyemsukuma. Mkono ulikuwa umelazwa juu ya sweta lililokunjwa, na sweta juu ya madaftari, na hakuna aliyeuhamisha hata unywele.

Chuma alikuwa analia. Tusidanganyane, utani haufungi mfupa, na mfupa ukivunjika unauma.

Baba Chuma akainama kumnyakua, kama alivyomnyakua miaka yote. Kiganja kidogo kikasimama mbele ya pua yake.

"Shikamoo, baba," alisema Spika. "Umeshamuuliza?"

"Marahaba. Nimuulize nini? Ni mwanangu!"

"Muulize kwanza."

Fundi wa milango akaangalia duara zima. Jozi thelathini na kitu za macho zilimtazama bila kupepesa. Akapiga magoti polepole. "Mama," alisema, "nikushike wapi?"

Chuma akavuta kamasi. "Kiganja kimoja chini ya makalio. Kingine mgongoni, vidole vimefunguka. Mkono nitaushika mwenyewe na sweta lake. Usiharakishe. Hapo... hapo hapo. Sasa inuka."

Akainuka. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja kumbeba mwanawe akiwa amevunjika bila mtoto kupiga ukelele, na mara ya kwanza kujua kwamba zile nyakati nyingine, ukelele ule nusu yake ulitokana na haraka yake.

Wakatoka, Desimali akiyumba nyuma yao na mkoba. Walipokuwa bado getini wakingoja gari, Spika alimkimbilia baba akamsukumia karatasi kwenye mfuko wa aproni. Ilisomwa hospitali na muuguzi aliyekuwa akimtazama fundi kwa jicho la pembeni na kuuliza imekuwaje. Iliandikwa kwa wino wa rangi tatu:

"Sisi tulioandika majina hapa chini tumeshuhudia. Chuma amejivunja mwenyewe chini ya meza. Baba yake hakuwepo. Alikuja baadaye, akafundishwa, akatii."

Majina yalikuwa thelathini na sita. Muuguzi alisoma mara mbili, akaenda kumsomea mwenzake chumba cha pili, na kicheko kikasikika kupitia ukuta. Aliporudi alimpa Baba Chuma kiti.

Mkono ulifungwa plasta. Baada ya siku nne Chuma alikuwa darasani, kwa sababu nyumbani, alisema, hakuna anayejua kujificha. Wiki iliyofuata Mwalimu Mkuu alimwita ofisini, safari hii si kwa ajili ya ua. Alivua miwani yake, akasema kwamba alikuwa amelinda mtoto kwa kumfungia, na kwamba hilo halikuwa la kumsifu mtu. Kisha akauliza kama Chuma angekubali kuzungumza na walimu wote, halafu darasa la sita, halafu, kama hajachoka, na shule mbili za jirani zilizosikia habari.

"Nitamuuliza mshika picha wangu," Chuma alisema. "Siku hizi ana kazi nyingi."

Mshika picha alikuwa nje ya mlango, amekuja kumchukua, na aliyasikia yote. Njiani alisukuma kiti mpaka walipofika kwenye kona ya karakana. Hapo akasimama, akazunguka mbele, akachuchumaa. Plasta ilikuwa imejaa maandishi kutoka kiwiko hadi vidoleni: majina, nyota, mchoro wa sumaku, na swali refu la hisabati ambalo Desimali alikuwa amelianza na kukosa nafasi ya jibu.

"Na mimi nataka kuandika," alisema.

Chuma akaugeuza mkono huku na huku, akitafuta. "Umechelewa, baba. Ulikuwa wapi watu wanapanga foleni?" Mwishowe akampatia pahali karibu na kidole gumba, padogo kama ukucha.

Baba Chuma akatoa penseli sikioni, akashusha pumzi. "Nikushike hapa?"

"Hapo sawa."

Aliandika taratibu, ulimi nje, kama mtu anayechonga kitasa. Lilikuwa neno moja tu, *Baba*, na herufi ya mwisho ikakosa nafasi ikapandia juu ya nyota ya Spika.

Chuma akausogeza mkono karibu na macho, akasoma, akatikisa kichwa.

"Mwandiko huu," alisema, "ndio ulioandika ile barua? Ningejua, nisingetii."